Nani alilikojolea zulia la Lebowski?

Kisa chote cha filamu ya The Big Lebowski kinaanzia kwenye zulia. Majambazi wawili wanamvamia Jeffrey Lebowski, jamaa wa Los Angeles asiye na kazi wala haraka, wakidai deni la mke wake. Mke mwenyewe hana. Wamemfananisha na tajiri wa jina hilohilo, na wanapokuja kushtuka, mmoja wao keshalikojolea zulia. Jamaa anakwenda kwa tajiri kudai alipwe zulia, anakataliwa, anaondoka na zulia la huko; baadaye tajiri anamwita na kumpa kibarua cha kupeleka pesa za kikombozi, maana inasemekana mke wa tajiri katekwa.

Filamu hiyo ni ya ndugu Joel na Ethan Coen, 1998, steringi akiwa Jeff Bridges. Iligharimu kama dola milioni 15, na Marekani ikaingiza milioni 18 hivi, yaani haikuvuma. Mwaka 2002 mashabiki wakaanza kukusanyika Louisville, Kentucky, wakivaa kama wahusika. Mwaka 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye rejista ya filamu za kuhifadhiwa kwa taifa.

Wasioipenda husema haina kisa, na hawasemi ovyo. Hapakuwa na utekaji: mke alikwenda zake matembezini. Mkoba wa tajiri haukuwa na pesa. Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza, anakojua steringi hafi na kila ngumi ina sababu yake, akikaa karibu saa mbili halafu aambiwe hapakuwa na kitu, ana haki ya kudai kiingilio chake.

Ila mimi naona kisa kimefungwa barabara. Walter, rafiki wa jamaa, aliyepigana Vietnam na hakubali vita vimekwisha, anauiba mkoba wa kikombozi na kurusha badala yake mkoba wa nguo chafu. Mkoba mtupu umebadilishwa na mkoba wa chupi! Utani huo hauwezekani bila mtu kupanga kisa kwa uangalifu. Hata ndoto, ambazo wengi huziona vituko tu, zina asili yake. Mwanzoni jamaa yuko dukani, televisheni inamwonyesha Rais Bush baba akisema uvamizi wa Kuwait hautavumiliwa. Muda mfupi baadaye maneno yaleyale yanamtoka jamaa mbele ya tajiri, sasa yakihusu zulia. Na ndotoni, anayemkabidhi viatu vya bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini, ni Saddam Hussein, rais wa Iraq aliyeivamia hiyo Kuwait. Kichwa cha huyu mtu ni kama kapu: alichosikia mchana kinatoka usiku kimevaa nguo nyingine.

Hapo ndipo ladha ilipo, na ndipo inapowakosa watu wengine. Vichekesho karibu vyote vimo kwenye maneno, namna mtu anavyoyaokota kwa mwenzake na kuyatumia vibaya. Mtafsiri hodari wa kibandani angeokoa ngumi, lakini hilo lingemponyoka.

Kinachonikera mimi ni kingine. Donny, mwenzao mpole wa bolingi, kila akifungua mdomo Walter anamnyamazisha. Halafu anakufa kwa moyo, ghafla, na majivu yake yanabebwa kwenye kopo la kahawa. Walter anageuza maziko kuwa hotuba ya Vietnam, anamwaga majivu, upepo unayarudisha usoni kwa jamaa. Nilicheka, kisha nikaona haya. Watetezi watakwambia baada ya hapo jamaa anafoka kwa hasira ya kweli, halafu wanakumbatiana, na hapo filamu inaonyesha moyo. Sawa, moyo upo. Lakini Donny ni mara chache aliachiwa aseme lake.

Kuna na wale ambao ukiwaambia hukucheka, wanakujibu uitazame tena. Hiyo si hoja. Mpishi hakwambii urudie sahani ndipo uonje chumvi.

Na zulia? Analochukua kwa tajiri nalo linachukuliwa. Filamu inakwisha sakafu iko tupu, yeye anakwenda zake kucheza bolingi, mchezo ambao filamu nzima hatujamwona akirusha tufe hata mara moja.