Meli za hazina za Kihispania: anayezipata alipwe nini?

Mwaka 2007 kampuni ya Kimarekani, Odyssey Marine Exploration, ilipakia ndege huko Gibraltar sarafu zipatazo 594,000, karibu zote za madini ya fedha, ikazipeleka Florida. Meli zilikotoka haikuitaja. Hispania ikaenda mahakamani kudai kwamba hiyo ni Nuestra Señora de las Mercedes, meli yake ya kivita iliyolipuka kusini mwa Ureno tarehe 5 Oktoba 1804 ilipopigwa na Waingereza. Mahakama za Marekani zikakubali, na Februari 2012 sarafu hizo zikarudishwa Hispania.

Naunga mkono hukumu ile. Mercedes ni kaburi: Diego de Alvear, ofisa wa jeshi la majini la Hispania, aliishuhudia ikilipuka akiwa kwenye meli nyingine ya msafara huohuo, huku mkewe na watoto wake saba wamo ndani ya Mercedes. Lakini sikubaliani na wanaowaita watafuta hazina wote wezi.

Mel Fisher aliisaka Nuestra Señora de Atocha, iliyozamishwa na kimbunga mwaka 1622 karibu na visiwa vya Florida Keys, tangu 1969 hadi 1985. Mwanzoni alitafuta mahali pasipo, mpaka mwanahistoria Eugene Lyon alipochambua nyaraka za kale za Seville, Hispania, na kuonyesha kuwa meli ilizama karibu na visiwa vya Marquesas. Mwaka 1975 boti yao ilipinduka, akampoteza mwanawe, mkwewe na mzamiaji mmoja. Hata hivyo aliendelea. Namba iliyochongwa kwenye mkuo wa fedha waliouopoa ilikutwa imeandikwa vilevile katika orodha ya shehena ya 1622, ushahidi kwamba meli ni Atocha. Serikali gani ingetumia miaka 16 kwa kazi hiyo?

Tatizo langu ni jinsi walivyochimba. Boti za Fisher zilifungwa mabomba makubwa yaliyopinda, yakielekeza msukumo wa pangaboi chini, mchanga ukatimka na shimo likatokea. Sarafu ni nzito, hubaki. Kipande cha kamba, mbegu au ubao mwepesi vinasombwa, na vikishasombwa hakuna tena wa kujua vililala karibu na nini. Kwa mwanaakiolojia, ujirani huo ndio unaosema sanduku lilikuwa la nani na meli ilivunjikaje. Anayelipwa kwa sarafu atatafuta sarafu.

Tazama tofauti kwenye San José, iliyozama katika vita na Waingereza karibu na Cartagena, Kolombia, tarehe 8 Juni 1708, ikiwa na watu wapatao 600. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2015, kina cha mita kama 600. Mwaka 2025 watafiti walichapisha uchambuzi wa sarafu zake za dhahabu uliofanywa kwa picha za roboti tu. Upande mmoja unaona msalaba, ngome na simba. Upande wa pili nguzo mbili juu ya mawimbi, herufi L ya Lima, na mwaka 1707. Yote hayo yalisomwa sarafu zikiwa bado mchangani.

Je, basi tuziache hukohuko? Mkataba wa UNESCO wa 2001 unataka hilo lifikiriwe kwanza, na unakataza biashara ya mabaki. Ni msimamo mzuri palipo na ulinzi. Pasipo na ulinzi, minyoo hula mbao, nyavu za kukokota hubomoa, na wezi nao wana vifaa. Kwa hiyo ningependa mgunduzi alipwe ujira wa fedha taslimu uliokubaliwa kabla hajazamia, asigawiwe hata sarafu moja. Najua nchi nyingi zitasema hakuna fedha za kumlipa, na ni kweli. Mkataba wa 2001 haukuwapa jibu.

Linalonikera zaidi ni wanaosahauliwa. Peru ilidai sarafu za Mercedes kwa kuwa zilitengenezwa kwake, ikashindwa. Wenyeji wa Qhara Qhara wa Bolivia wanadai sehemu ya San José kwa sababu wazee wao walilazimishwa kuchimba madini ya fedha katika migodi ya Potosí, Bolivia. Kolombia imeshaanza kuopoa: Novemba 2025 ilitoa mzinga, kikombe cha kauri na sarafu. Wa-Qhara Qhara waitwe mezani sasa, kabla roboti haijashuka kuchukua vingine.