Modeli Iliyolishwa Wastani

Wiki iliyopita niliketi katika kikao ambamo mhandisi kijana alituonesha modeli ya kompyuta inayoiga laini ya ufungashaji. Kwenye skrini makasha yalisafiri juu ya mkanda, foklifti za njano zilipishana, na vijitu vya buluu viliinama na kuinuka bila kuchoka. Modeli ilisema kwamba kituo cha kubandika lebo hakina tatizo lolote na kwamba fedha zielekezwe kwenye mashine mpya ya kituo kinachofuata. Wakubwa waliridhika. Mimi niliuliza maswali mawili: nyakati zilizoingizwa zilitoka wapi, na modeli iliendeshwa mara ngapi? Nikajibiwa kwamba nyakati ni wastani uliochukuliwa kwenye ripoti ya mwezi, na kwamba modeli iliendeshwa mara moja. Kikao kikaendelea na ajenda iliyofuata, na tangu siku hiyo nimeshindwa kulinyamazia jambo hili.

Programu za uigaji, iwe ni Arena, Simul8, AnyLogic au Plant Simulation, zina thamani kwa sababu zinajua kuishi na nasibu. Zinafuata tukio baada ya tukio: kazi imefika, mashine imeanza, mashine imekwama, fundi ameitwa. Kila muda unaohitajika huchotwa kwenye mgawanyo, yaani picha ya nyakati zipi hutokea mara nyingi na zipi mara chache, uliotokana na vipimo halisi, kwa hiyo kazi ya saba haichukui muda sawa na ya nane. Ukiiondolea programu uwezo huo na kuilisha wastani mtupu, kinachobaki ni hesabu ya kugawanya na kuzidisha ambayo ungeimaliza kwa kikokotoo kabla chai haijapoa, isipokuwa sasa ina picha zinazotembea, na picha hizo humfanya mtu aiamini kuliko inavyostahili.

Chukua kituo kimoja tu. Kazi hufika kila baada ya dakika 10 kwa wastani, na kila moja huhudumiwa kwa dakika 9 kwa wastani. Anayeingiza wastani ataona kituo kinachopumzika dakika 1 kati ya kazi na kazi, na hakuna kazi inayosubiri hata sekunde moja. Sasa acha wastani huohuo, ila ruhusu nyakati zote mbili ziyumbe kwa ule mgawanyo wa eksponensia ambao kila mwanafunzi wa nadharia ya foleni huanza nao, ambamo vipindi vifupi ni vingi na virefu ni vichache lakini vipo. Kituo kikishatulia, kazi itasubiri dakika 81 kwa wastani kabla ya kuguswa. Kwa kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, kwamba urefu wa foleni ni kasi ya kufika mara muda wa kusubiri, kufika kwa kazi moja kila dakika 10 na kusubiri dakika 81 maana yake ni kazi 8 hivi, kwa wastani, zilizopangana mbele ya kituo. Hakuna aliyezembea na hakuna mashine iliyoharibika. Foleni yote imezaliwa na mtawanyiko, kwa kuwa dakika ambayo kituo kimekaa bila kazi haiwekwi akiba kwa ajili ya baadaye, ilhali kazi tatu zikifika kwa mkupuo, deni lake linabaki hapo mpaka lilipwe.

Hapo ndipo uamuzi wa fedha unapobadilika. Ukinunua mashine itakayopunguza huduma kutoka dakika 9 hadi 8, kusubiri kunashuka kutoka dakika 81 hadi 32. Ukiacha dakika 9 zilezile, lakini ukahakikisha kwamba kila kazi inachukua dakika 9 kamili bila kuyumba, huku kazi zikiendelea kufika kwa nasibu, kusubiri kunashuka hadi dakika 40 na nusu. Nusu ya foleni imetoweka na hakuna mashine iliyoongezwa kasi. Huu ndio uchaguzi ambao wakubwa wanastahili kuwekewa mezani, na modeli iliyolishwa wastani haiwezi kuuonesha, kwa sababu kwake foleni ni sifuri katika hali zote tatu.

Wala jambo hili si ugunduzi wa jana. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu zake za simu zinazoingia kwa nasibu. Geoffrey Gordon wa IBM alipoleta GPSS, programu ya uigaji, mwaka 1961, na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda Simula, lugha ya kompyuta ya uigaji, kule Oslo katika miaka ya 1960, nia ilikuwa kuigiza mifumo ambayo hesabu ya kalamu na karatasi haiwezi kuimaliza, kwa sababu mambo mengi yanayoyumba yanagongana ndani yake. Inaniuma kuona urithi huo ukitumiwa kuchora laini ambamo hakuna kinachoyumba.

Kile kituo cha lebo nakifahamu. Mwaka jana nilisimama kando yake kwa zamu tatu nikiwa na saa ya kupimia na daftari. Mizunguko mingi ilichukua sekunde 40 hivi, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mkono wangu ukawa unaandika kabla jicho halijasoma. Kisha roli la lebo likaisha. Mwendesha mashine akaenda stoo, akakuta imefungwa, akamtafuta mwenye ufunguo, akarudi na roli begani. Dakika 11. Zamu iliyofuata roli lilikuwa tayari miguuni pake, akalibadilisha kwa dakika 1. Katika ripoti ya mwezi zile dakika 11 hazipo. Zimesagwa na kunyunyizwa juu ya maelfu ya mizunguko, sehemu ya sekunde kwa kila mmoja, mahali ambapo haziwezi kumdhuru mtu. Lakini laini haikuzipokea hivyo. Ilizipokea kwa pamoja, huku makasha yakirundikana upande mmoja na wafungaji wakisimama mikono mitupu upande wa pili.

Uharibifu wa mashine unapotoshwa kwa njia hiyohiyo. Mashine inayofanya kazi dakika 18 na kusimama dakika 2 ina upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambayo mashine inafanya kazi, wa asilimia 90. Inayofanya kazi saa 36 na kusimama saa 4 nayo ni asilimia 90. Kama kati ya vituo kuna akiba ya kazi ya dakika 10, kusimama kwa mashine ya kwanza kutapita bila kituo cha mbele kukuhisi, na kwa ile ya pili kutaizima laini nzima kwa nusu zamu. Anayeandika 90 kwenye kisanduku cha programu na kwenda mbele hajaieleza mashine yoyote.

Kuhusu kuendesha mara moja nitasema kidogo. Zamu ya saa 8 kwenye kituo changu cha mfano hupokea kazi kama 48, tena modeli huanza ikiwa tupu, hali ambayo laini inayofanya kazi usiku na mchana haijui. Tokeo la zamu moja ya namna hiyo ni sawa na kurusha kete mara moja. Iendeshe mara 30 kwa namba za nasibu tofauti, weka kipindi cha kupasha mfumo moto, yaani muda wa mwanzo ambao matokeo yake hayahesabiwi, kisha tuambie matokeo yametawanyika kati ya wapi na wapi. Kompyuta itaifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Nakubali, ingawa kwa uzito, kwamba picha zinazotembea zina faida yake. Niliwahi kuona mwendesha foklifti akiitazama skrini kwa muda mfupi na kusema, "Mhandisi, njia hiyo hatupiti, kuna nguzo," na sentensi hiyo ilisahihisha modeli kuliko wiki nzima ya barua pepe. Nakubali pia kwamba si kila swali linahitaji uigaji. Na gharama si kisingizio: zana za uigaji kama SimPy na JaamSim hupatikana bure.

Simlaumu kijana. Alipewa siku mbili na faili la ripoti, na hakuna aliyemruhusu kushuka kwenye laini. Nimeandika kuomba ununuzi wa mashine usitishwe kwa wiki tatu, na ombi limekubaliwa. Jumatatu, zamu ya asubuhi, mimi na yeye tutasimama kwenye kituo cha lebo. Ameomba saa ya kupimia aishike yeye.