Mfalme wa Kongo na Ajenda Moja

Jumamosi tulikuwa Pangani, vijana wanne na laptopu moja, na ubishi kuhusu viongozi wanaoendeshwa na kompyuta kwenye michezo ukatushika hadi usiku. Mwenzetu alikuwa akicheza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola, toleo la 2016. Mvemba a Nzinga, mfalme wa Kongo ya kale anayeendeshwa na kompyuta, akamkasirikia kwa kosa hili: umeanzisha dini na hujaifikisha kwenye miji yangu. Kati ya mwenzetu na Kongo palikuwa na bahari na majirani waliofunga mipaka. Mfalme hakuuliza.

Ndivyo alivyoundwa. Kila kiongozi ana ajenda yake, yaani jambo analokupendea au kukuchukia, na ya Kongo ni kuletewa dini. Wanaoutetea mtindo huu wana hoja nzito: mchezaji anajua anashughulika na nani. Katika Civilization V, ya 2010, viongozi walicheza ili washinde, na rafiki wa karne nyingi aliweza kukugeuka alipoona unakaribia ushindi. Hesabu yake ilikuwa sawa, maana hata binadamu angefanya hivyo. Ila ukishasalitiwa mara tatu namna hiyo unaacha kutafuta marafiki, na nusu ya mchezo inakufa.

Europa Universalis IV, mchezo mwingine wa dola, wa 2013, unakuwekea kwa tarakimu kila sababu ya nchi kukubali au kukataa muungano nawe: umbali unapunguza, adui wa pamoja anaongeza. Hakuna anayeonewa. Lakini taratibu unaanza kusaka alama badala ya kumsoma mwenzako. Unatuma zawadi, jumla inavuka sifuri, muungano umepatikana.

Hata hivyo nachagua tarakimu kuliko kushtukizwa. Kinachoniuma ni Mvemba a Nzinga mwenyewe. Huyu alibatizwa mwaka 1491 akaitwa Afonso, akaueneza Ukristo nchini mwake. Mwaka 1526 akamwandikia João III, mfalme wa Ureno, kwamba wafanyabiashara wa Kireno wanawateka watu wake, hata jamaa zake. Na katika malalamiko hayohayo akaendelea kuomba mapadri na walimu. Mkono mmoja unapokea, wa pili unazuia. Hiyo ndiyo diplomasia, na kwenye skrini amebakiziwa mkono wa kupokea tu.

Sidai kompyuta iwe na busara ya Afonso. Ingetosha dini ipewe hesabu yake, biashara yake, mpaka wake, visimwagwe vyote kwenye kapu moja la upendo au chuki. Hapo Kongo ingeweza kumkaribisha padri wako, ikawafungia bandari wafanyabiashara wako, na kukuandikia kwa nini.