Teke la punda lina sababu yake

Methali zetu hazijamtendea haki punda. Shukrani yake tumeiita mateke, kisha tukaagiza afe ili mzigo ufike. Ukiziweka pamoja, hukumu imekwisha kutolewa: mnyama huyu ni kaidi, na dawa yake ni fimbo.

Desemba 2022 mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika hapa Dar es Salaam, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukasimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nauunga mkono uamuzi huo bila kusita. Lakini punda aliyenusurika machinjioni anarudi kwenye mkokoteni, na huko linamngoja swali ambalo halikuzungumzwa sana: akigoma njiani, amekaidi au anaumwa?

Jibu zuri kuliko yote niliyoyaona limetoka kwa ndugu yake, farasi. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Emanuela Dalla Costa wa Milan, Italia, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa farasi: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, jicho lililofumbwa nusu, misuli ya taya iliyovimba kwa kujibana, pua iliyokazwa. Mwaka 2018 Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, na wenzake wakaleta orodha ya tabia 24 za farasi akiwa na mpandaji mgongoni. Zimo kulaza masikio nyuma kwa sekunde tano au zaidi, kufungua kinywa mara kwa mara, kupunga mkia kwa nguvu, kujikwaa na kukataa kwenda mbele. Farasi akionyesha nane au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba ana maumivu ya mifupa, viungo au misuli.

Orodha peke yake isingenishawishi, maana mtu anaweza kuandika tabia zozote na kuziita maumivu. Kilichonishawishi ni sindano ya ganzi. Farasi anayechechemea, anayetupa kichwa na kugoma, anachomwa ganzi pale panaposhukiwa kuuma, kisha anapandwa tena. Mpandaji ni yuleyule, tandiko ni lilelile, uwanja ni uleule. Idadi ya tabia anazoonyesha katika orodha ile inashuka siku hiyohiyo. Hakuna aliyemfundisha adabu katika muda huo mfupi, wala hakuchapwa. Kilichoondoka ni maumivu tu, na kile kilichoitwa ukaidi kimeondoka nayo. Kama tabia mbaya ingekuwa ya asili yake, ganzi ya mguuni ingeifikiaje?

Tena wanaokosea si wazembe. Huko huko Uingereza, Dyson na mwenzake waliwakagua farasi 506 wa michezo waliokuwa kazini, ambao wenye farasi hao waliwaamini kuwa wazima. Karibu nusu walikutwa wanachechemea au mwendo wao una kasoro zinazotokana na maumivu. Hao ni watu wenye madaktari, wenye pesa, wanaomtazama mnyama wao kila siku. Sasa mfikirie kijana mwenye mkokoteni, anayemwona punda wake kwa nyuma tu kuanzia alfajiri hadi jioni.

Kijana huyo naye ana hoja, na si haki kuipuuza. Atakwambia mnyama anajifunza: akisimama leo akapumzishwa, kesho atasimama palepale. Ni kweli, punda ana kumbukumbu kali. Ataongeza kwamba orodha ile ilitungwa kwa farasi wa kupandwa, si kwa mnyama avutaye madumu ya maji juani. Kupunga mkia kwenye nzi wengi si dalili ya lolote. Na akishaambiwa punda anaumwa, daktari wa mifugo atampata wapi, na siku hiyo watoto watakula nini?

Hoja ya nzi naikubali. Ndiyo sababu kipimo hakitegemei dalili moja. Lakini tofauti ya punda na farasi inaniogopesha zaidi badala ya kunituliza. Farasi akitishika hukimbia. Punda mara nyingi husimama tuli, nasi tunauita utulivu huo ubishi. Punda huficha maumivu kuliko farasi, kiasi kwamba hata tumbo likimsokota anaweza kuonekana amepoa tu na kuacha kula. Kwa hiyo anapofikia kugoma waziwazi au kurusha teke, huenda ameshavumilia siku nyingi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na inakataza ukatili. Kumkamata mwenye mkokoteni kwa fimbo yake, hata hivyo, hakutamfundisha kutazama kwato. Ningependa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, wakipime kipimo hiki kwa punda wetu wa kazi, wakiondoe kisichofaa, kisha maofisa mifugo wa kata wakifikishe kwa wenye punda kwa maneno machache: kabla ya kufunga mzigo, zunguka mbele umtazame macho na masikio, inua kila mguu, pitisha mkono chini ya kamba zinapobana bega. Akiruka pale unapogusa, kidonda kiko hapo.