Warohingya: Mwenye Ardhi Hana Mhuri, Mwenye Mhuri Hana Ardhi

Aprili 2025, pembezoni mwa mkutano wa nchi za Ghuba ya Bengal uliofanyika Bangkok, Myanmar iliiarifu Bangladesh kwamba imehakiki majina na kuona Warohingya 180,000, Waislamu wa jimbo la Rakhine waliokimbilia Bangladesh, wanastahili kurudi kwao. Majina hayo yalitoka kwenye orodha ya watu 800,000 ambayo serikali ya Bangladesh mjini Dhaka iliipeleka kwa awamu kati ya 2018 na 2020. Dhaka iliitangaza habari hiyo kama hatua kubwa. Lakini miezi minne tu kabla yake, Desemba 2024, Jeshi la Arakan, kundi la waasi wa Rakhine, lilikuwa limeuteka mji wa mpakani wa Maungdaw, na kwa kuuteka likaushika mpaka wote wa nchi hizo mbili, kilomita 271. Serikali iliyotoa ruhusa haikuwa na hata kituo kimoja mpakani cha kuwapokea hao iliowaruhusu.

Hapo ndipo suala hili lilipokwama, na mijadala mingi inapita pembeni yake. Utawala wa kijeshi wa Naypyidaw, mji mkuu wa Myanmar, una sheria ya uraia na mihuri. Jeshi la Arakan, linalopigania Warakhine ambao wengi wao ni Wabudha, lilikuwa limefunga mwaka 2024 likiwa na wilaya 14 kati ya 17 za jimbo la Rakhine, lakini haliwezi kumpa mtu hata pasipoti. Mmoja anaweza kumtambua mkimbizi asiweze kumfikisha kijijini. Mwingine anaweza kumfikisha, ila kumtambua hataki: katika taarifa zake huwataja kama wakazi Waislamu wa Arakan, jina la Rohingya halimo.

Hoja ya Warakhine haifai kutupwa kwa sababu tu imetumika vibaya. Arakan, jina la zamani la Rakhine, ilikuwa ufalme, makao yake yakiwa Mrauk-U, hadi mfalme wa Burma (Myanmar ya leo), Bodawpaya, alipoivamia mwaka 1784. Waingereza waliichukua mwaka 1826, wakafungua mashamba ya mpunga na kuruhusu vibarua kutoka Chittagong (leo ni Bangladesh) kumiminika, hata sura ya wilaya za kaskazini ikabadilika. Katika vita vya 1942 Waingereza waliwapa Waislamu silaha, Warakhine wengi wakawa upande wa Japani, vijiji vikachomwa huku na huku, Waislamu wakakimbilia kaskazini na Wabudha kusini. Baada ya uhuru wa 1948 ukazuka uasi wa Waislamu walioitwa Mujahidina uliodumu zaidi ya miaka kumi. Mrakhine anayejiona amebanwa kati ya Wabama, kabila kubwa la nchi, wanaomtawala na Waislamu wanaompita kwa idadi katika Maungdaw na Buthidaung hajaitunga hofu yake.

Warohingya nao wana ushahidi wao. Waislamu walikuwapo Mrauk-U karne kadhaa kabla ya Mwingereza. Mwaka 1799 daktari Francis Buchanan aliandika kwamba Waislamu waliokaa Arakan kwa muda mrefu walijiita “Rooinga”. Baada ya uhuru walipiga kura, wakawa na wabunge, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 redio ya taifa ilitangaza kwa lugha yao. Hata vibarua wa kutoka Chittagong walihama ndani ya himaya moja, kwani Burma haikutenganishwa na India hadi 1937. Kwa maoni yangu historia zote mbili zina ukweli, na hakuna hata moja inayotosha kumnyima uraia mtu aliyezaliwa Maungdaw na wazazi waliozaliwa hapohapo.

Sheria ya uraia ya 1982 ndiyo iliyoigeuza historia hiyo kuwa kitanzi. Uraia kamili ulipewa makabila yaliyohesabiwa kuwa nchini kabla ya 1823, yaani mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza na Waingereza, na orodha rasmi ina makabila 135. Warohingya hawamo. Aliyeingia kabla ya Januari 4, 1948 anaweza kuomba uraia wa kuandikishwa, ila kwa ushahidi usiopingika, na ushahidi huo ndio maofisa waliouchukua au ulioteketea na nyumba. Waliobaki na kadi nyeupe, vitambulisho vya muda, walinyang’anywa mwaka 2015, wakapigwa kumbo nje ya uchaguzi wa mwaka huo. Wasomaji wa Kivu wanaijua mantiki hii: sheria ya Zaire ya 1981 nayo ilirudi nyuma hadi 1885 kumtafuta mwananchi, na Wanyarwanda wa Kongo wakajikuta nje.

Hata hivyo, wanaodai kwamba jina likiingizwa kwenye orodha kila kitu kitatengemaa wawatazame Wakaman. Hao ni Waislamu wa Rakhine waliomo katika yale makabila 135. Vurugu za 2012 kati ya Wabudha na Waislamu zilipowafukuza watu wapatao 140,000 makwao, Wakaman hawakusalimika.

Sasa njia ya kurudi ilivyopangwa kufanya kazi. Bangladesh hujaza fomu ya familia na kuipeleka Myanmar. Myanmar huhakiki na kurudisha majina iliyoyakubali. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, huwauliza wahusika kama wako tayari. Anayekubali huvuka hadi kituo cha mapokezi, huchukuliwa alama za vidole, hupelekwa kambi ya muda ya Hla Poe Kaung, na hupewa kadi ya uhakiki inayomhesabu kama mwombaji wa uraia. Kasoro ziko karibu kila hatua: majina ya familia moja hukubaliwa nusu nusu, vijiji vingine vilisawazishwa kwa matingatinga, na anayeipokea kadi hiyo anaona ametia kidole kukiri kwamba ni mgeni. Novemba 2018, kisha Agosti 2019, mipango iliandaliwa. Mara ya pili majina zaidi ya 3,400 yalikuwa yameidhinishwa na mabasi yakaegeshwa. Hakupanda mtu.

Wana sababu ya kukataa. Mwaka 1978 walikimbia watu kama 200,000, wengi wakarudishwa upesi baada ya mgao wa chakula kambini kuwa haba hata zaidi ya watu 10,000 wakafa, watoto wakiwa wengi. Mwaka 1991 na 1992 walikimbia kama 250,000, na takriban 230,000 wakarudishwa miaka iliyofuata. Mara zote mbili walirudi bila uraia. Baada ya mashambulizi ya ARSA, kundi la waasi wa Kirohingya, ya Agosti 25, 2017 na operesheni ya jeshi iliyofuata, wakatoka zaidi ya 700,000.

Bangladesh inasema imebeba mzigo usio wake, na ni kweli. Haijaridhia mkataba wa wakimbizi wa 1951, lakini ilifungua mpaka pale India ilipozungumzia kuwafukuza wachache iliokuwa nao. Zaidi ya watu milioni moja wamesongamana Ukhia na Teknaf, kusini-mashariki mwa nchi, wenyeji wamekuwa wachache katika tarafa zao, na ujira wa kibarua umeshuka. Kwa hiyo Dhaka inakataza nyumba za kudumu (ni mianzi na turubai), inakataza ajira rasmi, na shuleni inataka mtaala wa Myanmar. Inahofia kwamba ikijenga kwa matofali, Naypyidaw itaona kazi imekwisha.

Hofu hiyo naielewa ila siikubali. Naypyidaw haikuwahi kupima turubai kabla ya kuamua nani ni raia. Sera hii inamuumiza mkimbizi na mfuko wa Bangladesh yenyewe, kwa kuwa asiyeruhusiwa kufanya kazi lazima alishwe na wafadhili, na wafadhili wanachoka. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishushwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 10, kisha 8. Ulipandishwa tena mwaka 2024, na Machi 2025 ukatishiwa kushushwa hadi 6. Kijana asiye na kazi wala shule ndiye anayewindwa na makundi ya silaha kambini, na mwaka 2024 wengine walichukuliwa kwa nguvu. Ng’ambo ya mto Naf, ulio mpakani, jeshi la Myanmar lililomkana Mrohingya kuwa raia lilikuwa likimwandikisha vitani dhidi ya Jeshi la Arakan, na chuki ya majirani ikapata kuni mpya.

Majirani wengine wana hesabu zao. Malaysia ina Warohingya zaidi ya 100,000 walioandikishwa na UNHCR na hulaani Myanmar kwa sauti kubwa, ilhali imerudisha boti baharini zaidi ya mara moja. Wavuvi wa Aceh walisifiwa kwa kuokoa watu; Desemba 2023 wanafunzi wa Banda Aceh wakavamia jengo walimohifadhiwa. China ina mradi wa bandari na mabomba ya mafuta na gesi Kyaukphyu, India ina mradi wa Kaladan kupitia Sittwe na Paletwa. Zote mbili zinahitaji maelewano na yeyote aishikaye Rakhine, kwa hiyo usitarajie msukumo wa uraia kutoka huko.

Kinachobaki mkononi mwa Dhaka ni Teknaf, lango lake la biashara na Rakhine. Tangu mwishoni mwa 2023 utawala wa kijeshi umezibana barabara za kuingia Rakhine, na Jeshi la Arakan linahitaji mchele, dawa na mafuta kutoka nje. Wazo la njia ya misaada lilipotajwa mwaka 2025, mkuu wa majeshi wa Bangladesh na BNP, chama kikubwa cha siasa nchini humo, walilipinga, wakihofia nchi kuburutwa vitani. Tahadhari yao ina msingi. Lakini biashara inaweza kufunguliwa kidogo kidogo kwa masharti yanayokaguliwa: Warohingya waliobaki Buthidaung waruhusiwe kwenda sokoni na hospitali bila kibali, mashamba yao yarudishwe, vijana wasichukuliwe jeshini. Hayo Jeshi la Arakan linaweza kuyatekeleza bila pasipoti. Likishindwa hata hayo, orodha ya 180,000 ibaki kwenye faili, na Dhaka ianze kutoa vibali vya kazi.