Hoteli ya Bretton Woods ni historia yetu pia

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka minane, na kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kumshikia mama nafasi kwenye foleni ya duka la ushirika. Watu walipanga mawe na vikapu, kila jiwe na mwenyewe. Zamu ikifika, ukibahatika unapata kilo ya sukari na kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche. Sabuni ikikosekana, mama alifua kwa majani ya mpapai. Aliyafikicha kwenye beseni mpaka maji yakawa ya kijani na kutoa povu kidogo, ndipo alipotumbukiza sare zetu za shule. Kwenye foleni ile ndipo nilipoanza kusikia wakubwa wakitaja IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa.

Nilishakuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba hiyo IMF ilizaliwa hotelini.

Hoteli yenyewe ni Mount Washington, huko Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, Marekani. Ni jengo kubwa jeupe lenye paa jekundu, lililokaa chini ya mlima wa mita 1,917 ambao mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Aliyeijenga ni Joseph Stickney, tajiri wa makaa ya mawe na reli, na kazi ya mawe na lipu aliwapa mafundi wapatao 250 kutoka Italia. Ilifunguliwa Julai 1902. Mwaka uliofuata Stickney akafariki, hoteli ikabaki kwa mjane wake, Carolyn, ambaye baadaye aliolewa na mwanamfalme wa Kifaransa. Enzi hizo matajiri walifika kwa treni na familia zao, wakakaa majira yote ya joto. Magari yalipoenea, wageni wakawa wa kulala na kuondoka, na hoteli nyingi za milima ile zikafa. Hii nayo ilifungwa wakati wa vita.

Kilichoifufua ni mkutano. Serikali ya Marekani ilitaka mahali pa kupanga fedha za dunia baada ya vita, na mchumi Mwingereza John Maynard Keynes, ambaye moyo ulikuwa ukimsumbua, alisihi asipelekwe Washington kwenye joto la Julai. Tena New Hampshire ilikuwa na seneta ambaye serikali ilihitaji kumvuta upande wake. Basi hoteli ikapakwa rangi haraka haraka, na kuanzia tarehe 1 hadi 22 Julai 1944 wajumbe 730 kutoka nchi 44 wakajazana humo. Ndimo zilimotoka IMF na Benki ya Dunia. Ndimo fedha za nchi wanachama zilimofungwa kwenye dola, na dola kwenye dhahabu, dola 35 kwa wakia. Kamba hiyo ya dhahabu Rais Nixon aliikata Agosti 1971, lakini vyombo viwili vilivyozaliwa pale vipo mpaka leo.

Kutoka Afrika walikuwepo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Sisi hatukuwepo. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilikuwa chini ya Uingereza, na shilingi yetu ilifungwa kwenye pauni. Mwaka huohuo vijana wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walikuwa wakipigana Burma kwa ajili ya Uingereza hiyohiyo. Kila nikifikiria jambo hili roho inaniuma. Damu yetu ilikubalika vitani, lakini kiti hatukupewa.

Simaanishi kwamba foleni ya mama ililetwa na hoteli. Vita ya Kagera, bei ya mafuta na makosa yetu wenyewe vilitosha kumaliza sabuni madukani. Lakini tulipokwenda kuomba msaada, tulikuta masharti yameshatangulia. Mwishoni mwa 1979 ujumbe wa IMF uliondoka Dar es Salaam bila makubaliano, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu kwa sababu hakuafikiana na Mwalimu. Siku ya mwaka mpya 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu Nyerere akauliza ni lini IMF ilifanywa kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Kwangu mimi, hilo ndilo swali ambalo lingeulizwa mwaka 1944 kama tungekuwamo ukumbini.

Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, tukatia saini makubaliano na IMF. Dola iliyokuwa kama shilingi 17 mwaka 1985 ikapita 40. Bidhaa zilirudi, hilo ni kweli, nami nakumbuka sabuni zimejaa rafu. Ila sasa mama alisimama mbele ya rafu akizihesabu fedha zake mara mbili, kisha akanunua mche nusu. Mwaka uleule Marekani ikaitangaza hoteli ile kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Chumba cha Dhahabu, ambamo mikataba ilitiwa saini, kimehifadhiwa kwa heshima hadi leo, na wageni wanaonyeshwa meza yake ya duara.

Sina kinyongo na heshima hiyo. Ninachotaka ni sisi tuheshimu ya kwetu. Kuanzia tarehe 30 Juni hadi 3 Julai 1980, chini ya Mlima Meru, watu kutoka nchi tajiri na maskini walikutana Arusha kujadili mfumo huu wa fedha. Azimio lao, lililoitwa Arusha Initiative, lilitaka fedha za dunia zijadiliwe upya katika Umoja wa Mataifa, ambako hata nchi ndogo ina kura. Hawakufanikiwa. Lakini watoto wa Arusha wanaokariri Azimio la 1967 wanastahili kulijua na hili la 1980. Ningependa kuona kibao pale mjini, kwa Kiswahili, chenye tarehe hizo na swali la Mwalimu.