Kaloleni si makumbusho
Wageni wakija Kaloleni, hapa Nairobi, huja na kamera. Wanatafuta nyumba za mawe za miaka ya 1940, vigae vyekundu na ile holi ambamo wanasiasa walikuwa wakikutana enzi za mkoloni. Haya, pigeni picha. Ila angalieni mnapokanyaga! Mabomba ya majitaka yaliwekewa watu wachache. Leo nyuma ya nyumba ni vyumba vya mabati tu, na bomba ni lile lile. Likiziba, uvundo unakula nasi mezani. Ukiripoti, unaambiwa subiri, mafundi wanakuja. Kodi ya nyumba ikichelewa, ajabu, wanaoikusanya hawasubiri mtu! Moshi wa viwanda vya Industrial Area, ng'ambo ya reli, nao hutua kwenye nguo ulizoanika, lakini moshi angalau hupeperushwa na upepo.